Somo la Saba Halina Jumla

Jumatatu, 3 Februari 2025

Daftari jipya. Lile la zamani Roy alilimwagia chai, kisha akaniambia ati sasa limekaa kisanii. Sawa.

Habari kubwa: tarehe imetoka! Ijumaa ya tarehe 21, Kajiado, mbele ya kamati ya kukagua vitabu vya ziada. Shiro ametutangazia akiwa amesimama, na Shiro huwa hasimami. Bosi wetu hufanya kila kitu akiwa kwenye kile kiti chake cha ofisi cha magurudumu, hata kufungua mlango. Kikipita, kitabu chetu kinaenda shule arobaini za msingi, gredi ya tano. Kikikataliwa, wafadhili wanafunga mradi, na kitabu kinaingia kabatini kulala na ndugu zake wawili. Hao wawili niliwakuta huko nilipoajiriwa. Mmoja ameliwa na panya.

Wangu haliwi. Nimesema!

Masomo kumi na mawili ya teknolojia, ya wasichana na wavulana pamoja. Kitabu cha mwanafunzi, na mwongozo wa mwalimu. Kwenye jalada: Mbeke Maweu. Mara ya kwanza jina langu liko kwenye jalada la kitu chochote. Nilifundisha miaka kumi na moja kabla ya kuja kukaa hapa Kitengela, juu ya duka la chakula cha kuku. Miaka hiyo yote niliona sinema moja: tableti zinatolewa kwa kabati, wavulana wanazivamia kama maandazi, wasichana wanasimama nyuma wakichungulia juu ya mabega. Mwisho wa kipindi mwalimu anaandika kwa rekodi, "darasa lote limeshiriki."

Huyo mwalimu alikuwa mimi. Wacha niandike tu, hakuna mtu anasoma hapa.

Jumatano, 5 Februari

Nimegombana na Roy. Roy ndiye mchoraji wetu — kijana mzuri, mkono mwepesi, kichwa ngumu. Nilichukua picha zake zote arobaini na moja na kalamu nyekundu, nikitafuta kitu kimoja tu: nani amegusa kifaa? Mvulana ameshika tableti. Mvulana anachomeka chaja. Mvulana anaelekeza na kidole. Na msichana? Anatabasamu. Kitabu kizima anatabasamu! Kuna ukurasa anatabasamu akiangalia ukuta.

Roy akasema hakuwa ameona. Ati mkono hujichorea tu wenyewe. Nikamwambia basi huo mkono wako nitaupeleka seminani.

Akanuna. Akaenda lunch, akarudi na picha mpya. Weh! Wasichana wote wameshika tableti, mmoja amekalia mbili. Wavulana: mmoja anafagia, mmoja analia, mmoja amebebeshwa mikoba yote ya darasa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa umefurahi, Mwalimu?" Nilicheka mpaka Shiro akaja na kiti chake kuona kuna nini.

Tumekubaliana: washike kwa zamu. Wa bisibisi kwenye ukurasa wa tisa awe msichana, na hatabasamu. Mtu akifungua screw huwa anakunja uso.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemaliza somo la saba!!

Hili ndilo somo nalipenda. Kutengeneza jedwali kwenye tableti. Vile vitabu vya zamani vinasema hesabu tufaha, hesabu treni. Mtoto wa Mashuuru, huko kwa wafugaji, atatoa wapi tufaha? Mimi nimeandika: "Ukienda nyumbani jioni, hesabu ng'ombe wa familia yenu. Andika idadi. Kesho utaijaza kwenye jedwali." Vitu vya hapa hapa. Vitu wanavyoviona kila siku, msichana na mvulana.

Shiro amesoma, ameweka alama ya vizuri. Roy amechora ng'ombe watatu, mmoja ana kope. Nimejipongeza na soda na samosa mbili.

Jumanne, 11 Februari

Mashuuru. Naandika nikiwa lodging, saa kumi na mbili jioni, vumbi mpaka kwa meno. Tulitoka Kitengela giza bado halijaisha, Roy akiendesha gari la Shiro na kuimba. Heri angeendesha tu.

Shule iko mbele ya Mashuuru kidogo, kwenye miti ya miiba. Tutajaribu masomo hapo siku tatu kabla ya Kajiado. Mwalimu wa gredi ya tano ni Mwalimu Ledama: mrefu, mpole, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Salamu za Kimaasai, sopa — ipa — chai ya maziwa tupu, halafu darasani. Wanafunzi thelathini na wanane, tableti nane.

Sasa aibu. Mwongozo wangu, mkono wangu mwenyewe, unasema: "Kila kikundi kichague katibu wa kuandika majibu daftarini." Vikundi vinane. Makatibu wanane. Wasichana wanane! Nikauliza kijana mmoja mbona. Akanijibu kama mtu anayeelezea jua linatoka wapi: si wasichana ndio wako na hati nzuri. Basi wasichana wameinamia madaftari, wanaandika kwa bidii, na tableti zote nane ziko kwa wavulana. Nilisafiri masaa mawili na nusu kuja kuona sinema yangu ya zamani, na safari hii mimi ndiye nimeitengeneza.

Mwalimu Ledama akasema yeye amefuata kitabu tu, Madam. Najua. Kitabu ni mimi.

Nimefuta "katibu" hapo hapo. Sasa ni zamu: kila mtu dakika tatu, tableti inahama. Hatukuwa na kengele, Ledama akatoa ya ng'ombe kwenye droo yake, akawa anaigonga. Mara ya kwanza wasichana wengine walishika tableti kama sahani moto. Mara ya tatu kuna mmoja alikataa kuiachilia, ikabidi tumnyang'anye. Anaitwa Resian. Hasemi sana. Nimependa hiyo sura yake ya kukasirika.

Nimewapa kazi ya nyumbani ya somo la saba, ile ya ng'ombe. Kesho ndiyo itakuwa tamu.

Jumatano, 12 Februari

Tamu! Ngai fafa, Mungu nisaidie.

Nianze mwanzo. Asubuhi nimekusanya madaftari thelathini na saba, moja halijaletwa. Ishirini na sita ni matupu. Hakuna kitu, hata nukta. Mengine yamejazwa uongo mtupu. Leshan, yule kijana aliyesema hati nzuri ni ya wasichana, ameandika ng'ombe mia saba. Ledama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake Leshan ni jirani yake, na hatasema ako na wangapi, lakini mia saba ni za gavana.

Nikafikiri ni uvivu. Nikaanza kuwahutubia! Niko katikati ya hotuba, natoa macho, watoto wanaangalia chini — mlango unafunguliwa. Mama mzee, fimbo mkononi, shanga mpaka mabegani, na mama wengine wawili nyuma yake. Darasa lote likasimama. Watoto walio karibu wakainamisha vichwa, akavigusa kimoja kimoja, pole pole, hana haraka. Halafu akaniangalia.

Ni kokoo yake Resian, nyanya wa kumzaa mama. Aliongea Kimaasai, Ledama akatafsiri akiangalia viatu vyake. Anauliza ni nani amemtuma mtoto wake kuhesabu ng'ombe.

Nikasema ni mimi.

Akauliza ng'ombe wamenikosea nini.

Ndio nikaelezwa, mbele ya darasa, kama mtoto wa nursery. Kwao ng'ombe hawahesabiwi. Wala watoto. Ukimtajia mtu idadi unajitakia wapungue. Vijana wa siku hizi wengine hawajali, lakini kwa boma lake haifanyiki. Na tena, wanaokuja kuuliza idadi ni akina nani? Watu wa kodi na wezi. Yeye anawajua wote kwa sura. Jioni wakiingia, asipomwona mmoja anajua ni nani amebaki. Nambari ni ya nini?

Nikamgeukia Ledama: Mwalimu, ulikuwa na hicho kitabu tangu Ijumaa, mbona hukuniambia? Akasema alifikiri imetoka Nairobi. Ikitoka Nairobi huwa wanafundisha tu.

Nataka kumlaumu lakini siwezi. Ofisini tuko watatu, Mkikuyu mmoja na Wakamba wawili. Tumeandikia watoto wa Kajiado kitabu, na hakuna hata siku moja tulimuuliza Mmaasai somo la saba linakaaje. Mimi nikajinunulia na samosa!

Niliomba msamaha. Nilisimama vizuri, mikono mbele, nikaomba. Kokoo akaniangalia sana. Akauliza naitwa nani, kwetu ni wapi. Mbeke, wa Mbooni. Akauliza kwani huko kwetu sisi tunahesabu? Nikamwambia, Kokoo, sisi tunahesabu mpaka mbuzi wa jirani.

Ledama akatafsiri. Kokoo akacheka! Alicheka akishikilia fimbo. Wale wengine wawili wakacheka, darasa likacheka, Roy kule nyuma akacheka zaidi ya wote. Kokoo akaambiwa akae chini kando ya dirisha, akakubali na akaletewa chai.

Na haijaisha. Watoto walipotoka kwenda mapumziko, Resian akabaki. Akaniletea daftari lake, halikuwa kati ya yale matupu, alikuwa amelificha. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikuwahesabu, Madam. Nimewaandika tu."

Kurasa mbili! Amepiga mistari na rula. Jina: Sambu, Mugie, Ng'iro. Rangi. Mama yake ni nani. Maziwa ya asubuhi — kibuyu, nusu kibuyu, "ananyima". Na safu ya mwisho ameiita Tabia. Mugie: "anapiga teke mguu wa kushoto." Ng'iro: "hatoi mpaka aimbiwe." Sambu: "mzuri lakini anajiskia."

Yeye ndiye hukamua, asubuhi kabla ya shule na jioni. Ana miaka kumi na moja.

Niliketi kwenye dawati dogo, magoti kwa kidevu. Hilo ni jedwali! Mtoto ametengeneza jedwali zuri kuliko langu, bila tableti, na hakuna nambari moja ndani yake. Nimefurahi mpaka nikataka kulia, na nimeona wivu pia, kidogo.

Alhamisi, 13 Februari

Somo la saba, jipya. Niliandika ubaoni: "Mwandike ng'ombe unayemjua." Basi.

Kelele! Kila mtu ako na maneno. Lakini kuna kitu kilitokea sikukipanga. Wavulana wanajua ng'ombe amelishwa wapi, amekunywa maji wapi, nani ana kupe, nani hupenda kupotea. Wanajaza mbio. Halafu wanafika kwa safu ya maziwa, wanasimama. Leshan akauliza kikundi chake huyu wa pembe moja, wa kwa kina Resian, hutoa vibuyu vingapi asubuhi. Wavulana wakaangaliana. Ikabidi amwulize Resian, na Resian akamwacha angoje kidogo kwanza. Na yeye Resian alipofika kwa safu ya malisho, ikabidi amwulize Leshan, ndiye huwachunga pamoja na wao. Jedwali halijai bila wote wawili! Miezi minane nimekuwa na kitabu hiki, nikigawanya zamu na dakika na picha, kumbe dawa ilikuwa ni kuweka kitu ambacho nusu iko kwa huyu na nusu kwa yule.

Kokoo alirudi leo pia. Alikaa dirishani na chai yake. Ilikuwa sawa mpaka nikageuza tableti nimwonyeshe kazi ya mjukuu. Akaangalia. Akaweka kidole pembeni ya skrini, akauliza hii ni nini.

Ai! Programu yenyewe inahesabu! Pembeni ya kila mstari imejiwekea 1, 2, 3, 4, haijaulizwa na mtu. Kokoo hasomi lakini nambari anazijua vizuri sana, za kutumiwa pesa kwa simu. Nikaanza kubonyeza kila kitu. Roy akaja, akabonyeza pia, skrini ikageuka nyeusi. Wataalamu wa teknolojia!

Resian akachukua tableti kwetu. Akatafuta, akarudi nyuma, akafungua ile programu nyingine ya kadi tuliyotumia kwa somo la nne. Akasema kila mmoja awe na nyumba yake. Ng'ombe mmoja, kadi moja: jina, rangi, mama, maziwa, malisho, tabia. Unazipitia na kidole. Hakuna nambari pembeni, hakuna jumla chini.

Kokoo alimtazama mtoto akizipitisha. Alimtambua kila mmoja kwa kusomewa tabia tu. Kwa yule wa kujiskia alipiga paja.

Kabla hatujaondoka amenipa ruhusa. Niliomba nitumie ng'ombe wa kubuni kitabuni, lakini kadi ziwe kama za Resian, na jina la Resian liandikwe kwamba yeye ndiye alitengeneza. Akakubali kwa sharti moja: kusiwe na nambari ya wote mahali popote. Nikampa mkono. Ana mkono mgumu, na hakuuachilia haraka.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani leo sijasikia mahubiri. Nilijikuta nahesabu watu wa benchi la mbele, nikashtuka, nikaacha.

Roy amenitumia kadi ya kwanza. Ng'ombe ana kope bado. Nimemwachia hizo kope.

Jumanne, 18 Februari

Fomu ya kamati imefika. Maswali ishirini. Tuko sawa kwa kumi na tisa! La kumi na nne linasema: "Je, orodha anayotengeneza mwanafunzi inaonyesha idadi ya vyote vilivyoorodheshwa? Ndiyo / La." Na chini, kwa herufi nene: jibu la La kwa swali lolote linaweza kufanya kitabu kisipitishwe.

Shiro alikuja na kiti mpaka mezani kwangu. Ana njia mbili. Ya kwanza: niweke mstari mmoja tu wa idadi, kipite, halafu tukichapisha tena tutautoa. Ya pili: nitoe ng'ombe, niweke kuku. Kuku wanahesabika, hakuna mtu atakuja na fimbo.

Kuku! Nikamwambia kuku hawakamuliwi. Mvulana hapeleki kuku malishoni. Nikiweka kuku, Leshan anajaza peke yake, tableti inabaki kwake, tumerudi pale pale. Na kuhusu mstari mmoja, nilimpa mama wa watu mkono wangu.

Shiro akasema shule arobaini ni watoto wangapi, Mbeke? Wasichana wangapi ambao hawatagusa tableti kwa sababu ya mkono ulimpa mtu mmoja? Ako na haki. Hiyo ndiyo mbaya. Nilipandisha sauti, nikasema maneno ya kiti chake ambayo si mazuri, nikashuka chini nikasimama katikati ya magunia ya chakula cha kuku mpaka muuzaji akaniuliza nataka kilo ngapi.

Niliporudi nimeomba msamaha. Ameniambia basi, kitabu ni changu, niamue mimi. Lakini kikilala kabatini nisimlilie.

Somo la tano tumehesabu chupa za plastiki mpaka watoto wamechoka! Hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika hivyo. Nimeangalia.

Jumatano, 19 Februari

Nimeandika mstari wa idadi. Nimeufuta. Nimeuandika tena. Umekaa hapo kuanzia saa nne hadi saa saba na chakula kikanishinda.

Nimeufuta. Faili imeenda kwa printa bila mstari. Naogopa sana.

Ijumaa, 21 Februari. Kajiado

Saa tatu asubuhi. Tuko kwa korido, kwenye benchi, nje ya ukumbi. Shiro amevaa viatu vya harusi. Roy amenyoa. Ledama amekuja na Resian na Leshan, walilala kwa dada yake hapa mjini. Kamati ilitaka kuona somo moja na wanafunzi wenyewe, na somo waliloagiza ni — bila shaka — la saba. Leshan ameniuliza kama kuna chakula. Resian amekunja mikono ya sweta, anaangalia mlango. Nimemwambia asiogope. Akasema haogopi, ananiona mimi ndiye naogopa.

Saa nne na nusu. Niko ndani. Nimeweka daftari juu ya meza, najifanya naandika kumbukumbu za mkutano. Shiro ananiangalia kama mtu anayenisifu.

Wako watano. Mwenyekiti ni Mzee Kakuta, alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, suti ya kijivu, miwani ya kamba shingoni. Katibu ni Bwana Musila, ako na fomu na kalamu. Watoto walipoingia wakainamisha vichwa, Mzee akavigusa, akasema kitu cha Kimaasai wakatabasamu.

Somo limeenda vizuri!! Wametengeneza kadi mbele ya kamati. Leshan amekwama kwa maziwa vile vile, safari hii Resian hakumngojesha. Mama mmoja wa kamati aliuliza nani alibuni hii ya kadi. Nikaonyesha. Akamwangalia Resian kwa muda mrefu, akaandika kitu. Bwana Musila amekuwa akiweka alama: moja ndiyo, mbili ndiyo, tatu ndiyo.

Kumi na nne.

Mzee Kakuta amepitisha kadi mpaka mwisho. Ameuliza idadi iko wapi. Nimesema hakuna, Mzee, na nikaanza kueleza — Kokoo, boma, ruhusa — akaniinulia kiganja. Amesema yeye ni Mmaasai, nisimfundishe mila yake. Lakini siku hizi ni za digital, kaunti inapanga kwa takwimu, na fomu ni fomu. Mtoto akitengeneza orodha lazima ajue ina vingapi. Kitabu ni kizuri. Kadi moja tu ya idadi, na tumalize.

Shiro amenikanyaga chini ya meza na kile kiatu cha harusi. Najua anasema nini. Sema ndiyo.

Nimesema siwezi, Mzee. Sauti yangu ilitoka kama ya kuku. Nimesema nilitoa mkono.

Bwana Musila ameweka kalamu karibu na La.

Mzee hakukasirika. Amecheka kidogo kama watu wakubwa wanavyocheka, akamgeukia Resian. Ati hata si ng'ombe wa kwenu, ni mfano tu. Tuonyeshe inavyofanywa. Weka hata za kwangu.

Kamati imecheka. Resian amefungua kadi mpya. Ameandika juu, herufi kubwa ya mwanzo, sawasawa: Mzee Kakuta. Ameongeza nafasi ya idadi, akaibonyeza, vitufe vya nambari vikatokea. Ameinua kichwa na adabu zake zote, akamwita Mzee kwa Kimaasai, kama baba.

"Ni wangapi, Papai?"

Mtoto hakuwa anamjaribu. Alikuwa anangoja kuambiwa aandike.

Mzee amevua miwani akaifuta na tai. Yule mama wa kamati ameangalia dirishani. Ledama ameangalia dari. Mimi nimeangalia daftari hili.

"Wako tu," amesema Mzee. "Wako wazuri."

Resian akaandika: wako wazuri. Halafu akauliza kama Mzee angependa waandikwe mmoja mmoja. Na kwa sababu ndiyo safu inayofuata: yule wa kwanza ni wa rangi gani?

Mzee alisema kwa kifupi tu, wa kahawia, mzee sasa. Halafu akaongeza kwamba mama yake huyo aliokoka ule mwaka wa ukame mkali, yeye Mzee alimlisha kwa mkono. Halafu kuna mwingine. Amehamia kwa Kimaasai, Ledama ananinong'onezea, Leshan anauliza ya malisho, Resian anaandika, vidole vyake vinakimbia. Mzee ametoka kwenye kiti chake. Ameinama kati yao, tai inagusa skrini. Ameambia Resian hapana, huyo si mweupe hivyo, ana madoa hapa, na amejionyesha kwa koti lake mwenyewe.

Saa sita kasoro. Watu wa kitabu kingine wanachungulia mlangoni, zamu yao imepita. Shiro ameacha kunikanyaga. Bwana Musila amekohoa. Amesema, Mwenyekiti, samahani, kumi na nne nijaze nini?

Mzee hajamsikia. Au amesikia.

Musila ameuliza tena. Kalamu iko juu ya karatasi, nikiinuka kidogo nakiona kisanduku, bado ni cheupe.

"Ngoja kwanza, Musila," amesema Mzee, na hajageuka. "Hajamwandika huyu wa mama yangu."